Dirisha la Wazee

Wasomaji, chekeni polepole, maana bado natetemeka. Niliporudi Kasulu kutoka Kibondo baada ya kutangatanga kwangu kwa kawaida, nilikuta dawa zangu za presha zimepanda bei hadi nikaanza kuziruka. Kichwa kikawa kinagonga. Nikakumbuka kwamba hospitalini kuna dirisha la wazee, na waliotimiza miaka sitini hupewa dawa bure. Mimi nina arobaini na sita. Nikajipaka unga wa muhogo kwenye ndevu, nikaazima fimbo, nikapinda mgongo.

Wazee wakanihurumia. “Mpisheni huyu, amechoka kuliko sisi!”

Nikapita mbele nikikohoa.

“Kitambulisho, baba?” nesi akauliza.

“Kilipotea Kibondo, mjukuu wangu.”

Hakubisha. Akachungulia foleni. “Wazee, nani anamfahamu mzee huyu, atuthibitishie umri wake?”

Sauti ya bibi mmoja ikatoka nyuma ya foleni.

“Namfahamu mimi. Huyo nimemzaa.”

Mama akanisogelea, akanifuta unga kidevuni kwa ncha ya kitenge.

“Mwana wanje, mwanangu wee, umerudi lini, mbona hujafika nyumbani?”