Kisigino Walichodhani Kina Funza

Wamama wa kanisa wameniomba nishuhudie kwa upole. Upole sina, mtanivumilia.

Mnanijua. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza hapa Mbumbuni, na nyumba yangu ilipigwa deki kila asubuhi. Miaka ya tisini ikianza, kidoa cheusi kikatokea kwenye kisigino changu cha kushoto. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, akakiona nikiosha miguu.

"Ati funza! Mwalimu mzima!" Akacheka, akachukua pini, akachokora. Hakutoa kitu ila damu.

Aibu ilinimaliza. Funza ni wa watu wachafu, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watoto darasani. Nikaanza kuvaa soksi hata jikoni. Mwaitu alichokora tena na tena, na mimi kila mara nilimnyooshea mguu kama mjinga. Mwaka ukaisha. Kidoa kikawa kidonda cheusi kinachotoa maji yenye harufu, na mtoki ukavimba kinenani.

"Twende hospitali," mume wangu Musyoka akanisihi.

"Nikaonyeshe nini? Funza?"

Alinipeleka Nairobi siku niliyoshindwa kukanyaga chini. Daktari hakucheka.

"Mama, hii ni kansa ya ngozi. Kuna jeni inayotengeneza protini ya kuzuia seli zisizaane ovyo. Hapa kisiginoni jeni hiyo imeharibika. Protini haipo, kwa hivyo seli zinazaana bila breki."

"Ni uchafu ulioiharibu?"

"Hapana, si uchafu. Lakini ungekuja mapema tungekata kipande cha ngozi tu."

Haki nililia. Kipande cha ngozi! Wakanikata mguu chini ya goti, wakatoa na tezi za kinenani.

Mwaitu alikuja wodini na chupa ya uji. Akatazama shuka lilivyolala bapa upande mmoja, akaweka chupa sakafuni. "Nisamehe, mwana wakwa, mwanangu." Nikamwambia nimemsamehe.

Miaka sita imepita na ninapumua. Asante Mungu, asante kwa daktari yule, asante Musyoka aliyenibeba mgongoni. Na wewe mwenye doa jeusi linalokua unyayoni, weka pini chini, nenda hospitali kesho. Wakikucheka, wacha wacheke.

Mwaitu, uko hapo benchi ya pili, unanisikia. Siku ile wodini nilidanganya. Bado sijakusamehe, na mimi mwenyewe pia sijajisamehe. Mtuombee.