Kunazi za Sukari za Baba Mdogo

Harufu ya sukari inayochemka ikinifika puani, hata leo, narudi moja kwa moja Katesh, jikoni kwa Mama, kiangazi kile baada ya vita, baridi ya Mlima Hanang ikipenya kwenye nyufa za ukuta na sisi watoto tumebanana kando ya mafiga. Kunazi zilikuwa zimeiva mbugani. Tulizichuma tukarudi na miiba mikononi na ndimi zimekakamaa kwa uchachu. Baba mdogo, ambaye tangu arudi kutoka vitani Burma hakuwa na neno zaidi ya kuitikia shikamoo zetu, akazitazama kapuni, akafungua kinywa. Alisema huko alimwona mama mmoja wa Kichina akiuza matunda yaliyotungwa kwenye vijiti na kuvikwa sukari inayong'aa kama kioo. "Shemeji," akamwambia Mama, "nipe sukari nikuonyeshe."

Weee! Sukari? Siku zile hata dukani kwetu wenyewe ilikuwa imeadimika. Mama alikuwa ameficha kifuko kimoja tu kwa ajili ya chai ya Idi, na Idi ilikuwa keshokutwa. Sisi wenye duka tuwape wageni chai isiyo na sukari? Aibu iliyoje! Mama akasonya, akakataa, akamtazama tena shemeji yake, akampimia nusu.

Baba mdogo akabandika sufuria, akaonya, "Ikichemka usikoroge, shemeji." Lakini Mama alikuwa mtu wa kusonga ugali, chochote kikitokota, mkono wake unautafuta mwiko wenyewe. Baba mdogo alipogeuka kuchonga vijiti, Mama akakoroga. Sukari ikawa chenga kama mchanga. Akazidi kukoroga ili aiokoe, ikaungua kabisa, jiko zima likajaa moshi tukakohoa. Baba mdogo hakulaumu. Aliinama tu, akaanza kukusanya vijiti vyake, uso umefungika kama zamani. Roho iliniuma sana.

"Wewe, kaa chini," Mama akamwambia. Kisha akanigeukia mimi, "Lete kile kifuko." Akaimimina nusu iliyobaki, yote. Safari hii aliukalia mwiko. Haki ya Mungu, aliukalia! Baba mdogo akadondosha tone la sukari kwenye maji baridi kuona kama imeiva, likaganda, likavunjika, tak! Akazungusha kunazi ndani ya sufuria, kijiti baada ya kijiti, akazilaza kwenye sinia lililopakwa samli. Zilipopoa nikauma ya kwanza: utamu ukapasuka menoni, halafu uchachu ukanifumba macho. Baba mdogo akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe meno unayo!" Mama akamtania.

Siku ya Idi kila mgeni alipewa chai bila sukari na kijiti chake. Jirani yetu, mzee mfugaji, akauma, akapiga funda, akauma tena. "Mama," akauliza kwa heshima zote, "kwenu chai inatafunwa?" Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Baba mdogo akasimama katikati akieleza jinsi zinavyotengenezwa, hanyamazi.

Leo wajukuu wangu huviona vijiti hivyo kwenye simu na kuniletea kama habari mpya. Tunavipika, tunachafua jiko, tunafurahi kwelikweli. Sukari ikiungua, tunafungua pakiti nyingine. Mimi huimimina bila kufikiri. Mama aliimimina ya mwisho, Idi ikiwa keshokutwa, ili shemeji yake asirudi kunyamaza.