Kumfuata Ocen Kampala

Niliondoka Mombasa kwa sababu simu ya Ocen ilikuwa haipatikani. Sababu nyingine sikuwa nayo. Magari manne kutoka Japani, niliyoyatoa bandarini mwenyewe, yalikuwa yamevuka mpaka wa Malaba, Ocen akayapokea, na tangu hapo kimya.

Huyu Ocen alikuwa mtu wa marehemu mume wangu. Salim alikuwa wakala wa forodha: aliyapokea magari yaliyotumika yakishushwa Kilindini, akamaliza makaratasi yake na kuyatia njiani kwenda Uganda. Upande wa pili alikuwako Ocen, mwanajeshi mstaafu, dereva wa malori ya jeshi enzi zake, mzaliwa wa Gulu anayeishi Kampala. Yeye huyapokea magari mpakani, huyafikisha kwenye bondi, yaani yadi ya forodha ambamo gari hukaa mpaka ushuru ukamilike, kisha humkabidhi mnunuzi. Miaka yote hiyo wawili hao hawakuwahi kuonana. Kila asubuhi Salim alitoka na simu yake barazani, nami nikiwa jikoni nikimsikia akicheka na mtu wa mbali.

Salim alipofariki nilikaa eda, nikamaliza, nikaishika kazi. Binti yetu Rukia ameolewa Doha. Nyumbani tulibaki mimi na zile simu. Ocen nilimrithi kama mtu anavyorithi saa ya ukutani: unajua inakwenda, hujui ndani mna nini. Alipopotea, mawakala wenzangu hawakunificha.

"Mama Rukia, huyo ameshayala magari," waliniambia. "Kuna kampuni kubwa ina ofisi Nakasero, Kampala kulekule. Hamia huko."

Na mnunuzi mmojawapo, Hajati mwenye duka Kikuubo, mtaa wa biashara Kampala, akawa ananipigia kila siku kuliulizia gari lake la mizigo. Nikafunga mkoba.

Asubuhi ya kuondoka nilifunga mlango, nikasimama nikiwa na ufunguo mkononi, maana hapakuwa na mtu wa kumwachia. Nilichagua basi kwa makusudi. Nilitaka kuiona njia inayopitiwa na magari yetu, ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikiitaja kwa majina tu: Mtito, Mlolongo, Nakuru, Eldoret. Kiti cha pembeni yangu hakikupata mtu mpaka Nairobi. Baada ya Nairobi akaketi mama mmoja aliyelala safari nzima, nami nikamshukuru moyoni, kwani angalau bega lake lilikuwa na joto.

Malaba tulifika kunapambazuka. Malori yalikuwa yamepanga foleni hata huoni mwisho wake. Kati yake niliyaona magari madogo ya kwenda Uganda, viti bado vimevikwa nailoni, karatasi zimebandikwa kwenye vioo, madereva wamelaza vichwa kwenye usukani. Nikamwuliza mmoja kama anamjua Ocen.

"Mzee wa jeshi? Anajulikana," alisema. "Lakini siku hizi haonekani."

Maneno hayo yalifuatana nami hadi Tororo, hadi Jinja tulipouvuka mto, hadi msitu wa Mabira, ambako wachuuzi waliyakimbilia madirisha ya basi wakiwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti. Sikununua.

Kampala ilinipokea kwa kelele za bodaboda na jua kali. Niliweka mkoba kwenye nyumba ndogo ya wageni chini ya kilima cha Nakasero, karibu na soko la matunda, nikaoga, nikaenda moja kwa moja Kikuubo. Huko watu hupita wakisukumana, wapagazi na magunia kichwani, kila ukuta ni duka. Nilipoliona duka la Hajati nikamsalimu msichana wa kaunta kwa Kiswahili changu cha kawaida: "Hujambo, mwanangu?"

Msichana alisimama wima kama aliyeguswa na umeme. "Leseni iko, afande," akasema. "Iko ndani. Nalete?"

Sikumwelewa. Mzee aliyekuwa akinunua sabuni ndiye aliyenifafanulia, akicheka kidogo: hapa mtu asiyejulikana akikuingilia dukani na Kiswahili, kwanza unafikiri ni polisi au jeshi. Mimi niliyeimbiwa kwa lugha hiyo nikiwa mbelekoni! Nilijiona mgeni kuliko nilivyojiona mpakani.

Hajati alitoka nyuma ya duka, mwanamke mnene mwenye mtandio mweupe. Nilimtolea salamu ya Kiislamu, akaitikia, uso wake ukalegea. Halafu akakumbuka.

"Nnyabo, mama, gali yangu iko wapi?" aliniuliza. "Mimi nangoja, nangoja. Watu nasema umenidanganya."

"Hajati, nimekuja kulitafuta. Nikilikosa nitakuja kukwambia mwenyewe, sitakwambia kwa simu."

Alinisogezea kigoda. "Umetoka Mombasa peke yako?"

"Peke yangu."

Aliagiza chai. Tuliinywa, kisha nikarudi kwenye chumba changu, nikakaa kitandani nikisikiliza watu wakiongea Kiganda chini ya dirisha. Nilishika simu nimweleze mtu siku ilivyokwenda. Rukia alikuwa kazini. Nikairudisha mezani.

Kesho yake asubuhi nilipanda kilima hadi ofisi ya ile kampuni kubwa. Meneja wake, bwana mtaratibu mwenye Kiswahili cha shule, alinionyesha kwenye kompyuta jinsi wanavyofuatilia kila gari njiani. Nilivutiwa, sitasema uongo. Nilimwuliza nani hasa atakayeliendesha gari langu, na likipata tatizo nimpigie nani.

"Mama, tuna madereva wengi," alisema. "Utapiga simu ya ofisi. Nisikuahidi jina la mtu halafu nikakosa."

Nilimpenda kwa ukweli wake. Ndipo nikamweleza shida yangu. Akapiga simu mbili, kisha akaniambia kwamba magari ya Ocen yamo kwenye bondi ileile wanayoitumia wao. Yote manne yapo, yamefungwa, hayana mkwaruzo. Ila hayawezi kutoka bila Ocen mwenyewe, na walinzi wamesikia kuwa mke wake amelazwa hospitali ya Mulago.

Mulago nilifika kabla ya adhuhuri. Nje ya wodi, ndugu za wagonjwa walikuwa wameketi kwenye mikeka na mabeseni na chupa za chai, nguo zimeanikwa juu ya nyasi. Niliuliza hapa na pale, safari hii nikianza na tabasamu kabla ya Kiswahili, mpaka muuguzi mmoja akanionyesha kitanda cha mwisho karibu na dirisha.

Mwanamume mrefu, mwenye mvi, alikuwa amepiga magoti sakafuni akimkata kucha za miguu mwanamke aliyelala.

"Ocen," nikasema. "Mimi ni mke wa Salim."

Hakuinuka mara moja. Alimaliza kidole, akaweka wembe chini, akasimama. Alikuwa na sauti ileile ya kwenye simu, ila sasa ilikuwa imechakaa.

"Mimi hapana kimbia," alisema. "Gari yote iko. Simu waliiba hapa, siku ya kwanza, kwenye foleni. Namba yako ilikuwa ndani ya simu, kwa kichwa hapana. Nilituma dereva wa Malaba akuambie. Hakuambia?"

"Hakuniambia."

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo nne zilizofungwa kwa uzi. Alikuwa akilala nazo. Ndugu za mkewe walikuwa njiani kutoka Gulu, lakini hawajafika, na hapakuwa na mtu wa kumwachia mgonjwa. Magari hakumkabidhi mtu mwingine kwa kuwa hakuwa na mtu anayemwamini. Mke hakumwacha kwa sababu hiyohiyo.

"Basi nenda bondi," nilimwambia. "Mpigie Hajati kwa simu yangu, uwape watu magari yao. Mimi nitakaa hapa."

Alinitazama toka ushungi hadi viatu. Mimi niliyesafiri njia yote ile kuja kumpima, sasa nilikuwa nikipimwa.

"Mimi wewe sikujui," alisema polepole. "Salim namjua. Wewe hapana."

"Ni kweli," nikajibu. "Hata mimi sikujui."

Mwanamke kitandani alisema jambo kwa Kiacholi, sauti nyembamba. Ocen akainama, akamsikiliza, akamjibu. Kisha akaanza kunielekeza: nimgeuze upande wa kushoto tu, maana wa kulia unamuuma, maji nimpe kwa kijiko, daktari akija nisikubali ahamishwe kabla yeye hajarudi. Aliyasema yote mara mbili. Alipofika mlangoni aligeuka, nikadhani anarudi, lakini akaenda.

Jina la mkewe lilikuwa Akello. Nilimpa maji. Nilimfuta uso. Kazi ile mikono yangu ilikuwa inaijua, maana Salim alilala kitandani akiugua muda mrefu kabla ya kufa. Baadaye akanishika mkono wa nguo.

"Asubuhi," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Ocen nafungua simu, sauti kubwa, na mimi nasikia. Salim nasema: *Sabalkheri, shemeji yangu! Leo wapika nini?*"

Aliyatamka maneno hayo kama Salim alivyoyatamka, mkato uleule, mzaha uleule, *wapika* ya Kimvita kabisa. Katika wodi ile yenye harufu ya dawa, kutoka kinywani mwa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, nilimsikia mume wangu. Kumbe zile asubuhi nilizodhani ni za biashara, kulikuwa na mwanamke jikoni kwake Kampala akijibu kwamba anapika malakwang, na Salim barazani kwetu akiuliza hiyo ni mboga gani.

"Na wewe ulimjibu nini?" niliuliza, nikitaka aendelee tu.

"Nasema: uje ule. Yeye nasema, *Inshallah, shemeji.*" Akafumba macho. "Hakuja."

Nililia, nikageukia dirishani asinione. Aliniona. Aliendelea kuushika mkono wa nguo yangu hadi usingizi ulipomchukua.

Ocen alirudi jua likiwa bado juu, akihema, shati limelowa. Jambo la kwanza alimwangalia Akello, upande gani amelala. Kisha ndipo akanigeukia.

"Hajati amechukua. Wale wengine pia. Hajati nasema usiondoke kabla hujapita kwake."

Siku zilizofuata, mpaka dada zake Akello walipofika kutoka Gulu, tulipokezana kitandani pale. Kwenye benchi la nje tuliipanga upya kazi. Tulikubaliana kwamba kila gari litapigwa picha pande zote mara tatu: likitoka bandarini, likivuka mpaka na likiingia bondi, kioo, redio, tairi la akiba na vyote. Kila upande utakuwa na mtu wa pili anayejulikana kwa sura na kwa jina, ili mmoja akipatwa na jambo mwingine aitikie. Ocen alinipeleka bondi akanijulisha kwa walinzi, mmoja baada ya mwingine. Nami nilimrudia meneja wa Nakasero na kumwambia kwamba kwa sasa nitabaki na mtu wangu. Alicheka, akanipa mkono, akasema angenishangaa ningefanya vingine.

Siku ya kurudi nilipita Kikuubo. Gari la Hajati lilikuwa mlangoni, tayari limejazwa maboksi. Alinifungia pakiti za kahawa na kunikumbatia mbele ya wateja, na yule msichana wa kaunta akanisalimu mwenyewe, kwa Kiswahili, akiona haya. Kituoni Ocen alimwendea dereva wa basi na kumwambia kwa sauti ya amri, "Huyu dada yangu. Fikisha." Tangu kifo cha Salim hakuna aliyekuwa amemwagiza mtu anifikishe salama. Nilikaa kwenye kiti changu nikatazama nje mpaka mji ukaisha.

Nyumbani nilikuta vumbi kwenye meza na majirani wenye maswali. Walitaka kujua kama Kampala ni kubwa, kama chakula ni kizuri, kama magari yalipatikana. Niliwajibu. Mawakala wenzangu walitaka kujua Ocen nilimwaminije, nikawaambia kwamba mimi nilichelewa: kabla sijaamua kumwamini, yeye aliniachia mke wake. Hilo ndilo nililojifunza katika safari ile, na sijui namna ya kulifundisha.

Akello hakupona. Walimzika Gulu. Ocen alinipigia alasiri moja, siku aliyorejea Kampala baada ya matanga. Nilidhani ni habari za gari. Alikuwa amesimama nje ya nyumba yake.

"Dada," aliniuliza, "nyumba unaingia namna gani?"

Nilimwambia ukweli: kwamba mimi, tangu Salim aondoke, huingia kwa mlango wa uani, kwa kuwa ule wa mbele yeye ndiye aliyekuwa akinifungulia.

Nilisikia bodaboda zikipita nyuma yake.

"Yangu iko na mlango moja," alisema.

"Basi usikate simu," nikamwambia.

Hakukata. Nikasikia ufunguo ukigeuka, bawaba zikilia, hatua zake, kisha sufuria ikisogezwa. Nilikaa chini kwenye baraza yangu, simu sikioni, nikangoja mpaka nikasikia amevuta kiti.