Mbuzi Zilizopita Bila Kuonwa

Nakumbuka siku moja mbuzi za mahari yangu zilipita katikati ya Lushebere na hakuna muntu aliyeziona. Mwanangu, usicheke kwanza. Siku ile nilikuwa ndani ya nyumba ya baba yangu, nimevaa kitenge kipya, na karibu nikose bwana.

Hapa kwetu Masisi mahari haipiti njia ya nyuma, inapita mbele ya watu. Zamani barabara ya centre ilikuwa na mbao za kukalia kila upande. Wamama waliuza maharagi, wazee walicheza dame kwa vifuniko vya chupa, vijana walitengeneza chukudu zao, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Mbuzi za mahari zikitokea, kazi yote inasimama. Huyu anashika mgongo wa mbuzi, yule anasema hii inakohoa, wamama wanapiga vigelegele. Baba wa musichana anakaa ndani akisikiliza makelele yanavyokaribia. Makelele yakifika kwenye lupango, pale uani, njo anatoka. Bila makelele hatoki, maana ni aibu kuonekana muntu mwenye njaa ya mbuzi.

Basi baba yako Bahati, huyo anayejifanya hasikii pale karibu na moto, alikuwa prezida wa vijana. Alienda Goma kwa mujomba wake, akaona rond-point, pale magari yanapozunguka, yenye maua na hakuna muntu amekaa. Akarudi na homa ya usafi. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya wote, vijana wakang'oa mbao zote, wakasukuma wamama wa maharagi nyuma ya kanisa, wakapanda maua katikati na kuyazungushia waya. Wakasimamisha kibao: kukaa, kuuza, kusimama, yote marufuku. Pasteri alisimama akisome, kijana mumoja wa komite akamufukuza kwa sababu amesimama.

Nitasema ukweli, barabara iling'aa. Ilikuwa safi kama sahani ya muntu asiyepikiwa.

Siku ya mahari ikafika. Wajomba wa Bahati wakapita na mbuzi kwenye barabara ile tupu. Mbuzi zikaona maua, zikaangusha waya, zikala, na hakukuwa na muntu wa kusaidia kuzifukuza. Zilipofika kwetu zilikuwa bado zinatafuna. Wajomba wakasimama kwenye lupango kimya, wakingoja baba yangu atoke. Baba yangu akakaa ndani kimya, akingoja makelele. Jua likaanza kuinama. Mimi nilichungulia dirishani. Nikimwambia baba wamefika, nitaonekana ninakimbilia bwana. Nisiposema, watarudi nazo.

Mwisho Koko, mama wa baba yangu, alitoka kumwaga maji akajikwaa juu ya mbuzi. Njo baba akajua kuna wageni.

Akatoka, akaziangalia. Akauliza, "Hizi mbuzi nani ameziona njiani?"

"Hakuna muntu, muzee," mujomba mumoja akajibu. "Barabara iko safi."

"Basi kesho mukisema mulileta ng'ombe, nani atakataa? Na mimi nikisema mulileta kuku? Murudi nazo."

Nililia, mwanangu, nililia kweli. Nilimupenda huyo mwanaume na homa yake yote. Lakini Koko hakulia. Alimuita Bahati, aliyekuwa amejificha nyuma ya wajomba wake, akamwambia, "Mutoto wangu, ulifagia vumbi, ukafagia na mashahidi wako. Barabara si ya kuangaliwa, iko ya kuangaliana. Penye wengi hapaharibiki neno. Penye hakuna watu, hata mbuzi zinajitungia sheria."

Salongo iliyofuata, prezida mwenyewe aling'oa kibao chake. Mbao zikarudi. Maharagi ya Mama Riziki aliyarudisha yeye, akisukuma chukudu kutoka nyuma ya kanisa, na Mama Riziki akitembea pembeni: "Polepole, prezida, zinamwagika." Mbuzi zilipopita tena, Mama huyo huyo alipaza sauti kwamba moja iko na umri wa pasteri. Kilima kizima kilicheka. Baba yangu, aliyejiapiza hana haraka, alitoka na kiatu kimoja.

Sasa wewe umesoma, na komite imekuomba uchore avenue mpya ya centre. Nimeona plan yako. Taa iko, maua iko, njia ni pana kweli. Nilitafuta mahali Mama wa maharagi atakaa, sikupaona. Majuto ni mujukuu, mwanangu, na mimi mujukuu ninayemutaka ni yule wa kubeba mugongoni.

Kwa hiyo chora mbao ya kukalia kwanza, na kivuli juu yake. Wachoree wenye kuuza nafasi yao, na wazee wa dame meza yao, wasikuzomee. Maua yaweke karibu na wanaokaa, watayalinda kuliko waya. Na mbele ya kuuliza Goma wanafanya namna gani, uliza wamama hapa wanapenda kusimama wapi. Muntu ni watu. Barabara yenye watu, mutoto hapotei, mugonjwa haanguki peke yake, na mwanamuke haolewi kimya kimya.

Mungu abariki mukono wako unaochora. Akujalie njia ambayo hutaipita bila kusalimiwa. Na siku mbuzi zako zitakapopita, watu wazitukane moja moja mpaka baba mukwe wako asahau viatu vyote viwili.