Nilirekodi Mbuzi Juu ya Sauti ya Baba Mkwe

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si pombe. Ni ujinga wa mwanaume mzima aliyetaka kuwa mtoto tena!

Mimi ni fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Thika. Nilipokuwa shule, kule kwetu magharibi, mwalimu wa hesabu alikuwa na kompyuta ndogo ya zamani, kibodi tu, unaichomeka kwenye TV. Programu ulikuwa unaihifadhi kwenye kaseti ya kawaida, ile ya nyimbo. Ukiicheza kwa redio unasikia kelele kama paka aliyekanyagwa. Woi, nilivyoipenda ile mashine! Ukikosea mstari mmoja, ndege ya mchezo wako haipigi risasi.

Juzijuzi fundi wa redio akaniuzia moja kama hiyo. Kuanzia hapo mke wangu Njoki akirudi nyumbani Kahawa Sukari ananikuta sakafuni mbele ya TV, naandika mchezo wa mbuzi anayevuka barabara kuu ya Thika.

"Baba Brian, hata salamu?"

"Ngoja kwanza, mbuzi amekwama."

Siku mbuzi alipovuka kwa mara ya kwanza, taa zikaanza kupepesa. Mnajua stima zetu! Ikipotea kabla sijahifadhi, kazi yangu yote imeenda. Kaseti tupu sikuwa nayo. Iliyokuwa karibu ni ya mama mkwe. Njoki alikuwa ameniachia niihamishie kwenye simu, kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki na sauti ya marehemu baba yake, akiimba na kwaya ya kanisa lao Ruiru.

Nikajiambia upande wa pili hauna kitu. Sikusikiliza! Tena marehemu alikuwa amevunja vile vidude vya plastiki vya juu ya kaseti ili mtu asirekodi tena. Mimi, fundi mzima, nikaziba tundu lililobaki kwa selotepu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Jumapili tukaenda Ruiru kumsikilizisha Mama kaseti yake. Kwetu, mama mkwe hata kuketi karibu naye ni shida, lakini siku hiyo nilijaa kitini kama bwana harusi. Kwaya ikaimba vizuri sana. Mama akafuta macho.

"Sasa geuza," akasema. "Huko hakuna wimbo. Alikuwa anajaribu redio mpya, akaniita nikiwa jikoni. 'Waithira! Chai iko wapi?' Ndiyo napenda kusikia."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikageuza.

Krrriiiiiiii!

"Ngai! Shindwa, shetani!" Mama akaruka. Nikasema "Amina" kwa sauti kuliko wote.

Tukangoja mpaka mwisho. Baada ya kelele, kimya. Mama akaketi polepole.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa naiweka karibu na jiko. Nimeipika."

Na mimi nikasema nini? "Ni kweli, Mama, joto ni mbaya kwa kaseti." Jamani! Kufuta ilikuwa ajali. Hiyo ilikuwa dhambi.

Siku zilizofuata Njoki akawa anaambiwa kwa simu kwamba Mama hali chakula vizuri, anajilaumu tu juu ya lile jiko. Nikamwambia Njoki ukweli. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Utamwambia mwenyewe. Na hiyo takataka yako uibebe."

Nikaibeba. Nikamwambia Mama kila kitu nikiwa nimesimama, macho chini.

"Hebu nimwone huyo mbuzi," akasema.

Nikamwonyesha jinsi ya kucheza. Mbuzi wake akagongwa na lori mara moja, Mama akacheka! Nikapata nguvu, nikaanza kujieleza eti hii mashine inaweza mambo mengi.

"Inaweza kuniita?"

Nikaandika haraka programu fupi, ile ya kwanza kabisa tuliyofundishwa na mwalimu. WAITHIRA, WAITHIRA, WAITHIRA, jina likajaza TV yote kutoka juu hadi chini. Mama akavaa miwani. Akaangalia muda mrefu.

"Imeandika vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini haijaniita."

Alinisamehe. Njoki bado anafikiria.

Kwa hivyo wenzangu mnaotafuta utoto wenu kwenye mashine za zamani, nawaomba, stima ikitaka kupotea, iache ipotee na mchezo wako! Wangu uko salama kabisa, unafunguka kila ninapoujaribu, na sitaki hata kuuona.