Mchana wa Ramadhani

Binti yangu alikuwa na kisukari tangu utotoni. Daktari alimkataza kufunga, na sheikh akasema vivyo hivyo. Sikubisha, ila nilimwambia ale chumbani, nyuma ya pazia, watu wasiseme msichana mkubwa hafungi. Nilidhani ninamlinda. Kumbe nilimfundisha kuona aibu. Ramadhani moja alifunga kwa siri, akaacha na sindano zake za kisukari. Tulimzika hapa Garissa kabla ya Idi.

Mwaka huu ninakaa na binti wa kaka yangu, mwenye ugonjwa huohuo. Ananiita eedo, kwa kuwa mimi ni shangazi yake. Siku ya kwanza ya mfungo nilimkuta akienda chumbani na sahani yake.

"Unaenda wapi?"

"Kula, eedo. Yule mama jirani akiniona atanisilimisha upya."

Nilicheka, lakini moyo uliniuma. Nikatandika mkeka barazani, nikamketisha, nikakaa kando yake na funga yangu.

Jirani akapita. "Na huyu mkubwa hivi, hafungi?"

"Ana kisukari," nilisema kwa sauti. Binti yangu alipokuwa hai, sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya watu.

"Allah amponye," akasema, akaenda zake.

Msichana alikula kidogo, kisha akauliza, "Eedo, binti yako alikuwa anajisikiaje na ugonjwa huu?"

"Sijui," nikamwambia. "Sikumuuliza hata siku moja. Wewe je?"

Alinieleza mpaka wali ukapoa.