Gari Nililomwahidi Marehemu

Watu wananiuliza kwa nini nataka kugombea tena. Mke wangu ananiuliza kwa ukali, majirani zangu wa Kilakala wananiuliza kwa kebehi: mzee, ubunge ulishakukataa, pensheni unayo, bustani ya mchicha unayo, unatafuta nini tena? Huwa najibu kwamba natafuta barabara ya kwetu, Matombo kule juu. Wanaafiki, maana hakuna mtu wa Morogoro asiyezijua njia za milimani wakati wa masika. Jibu langu ni la kweli, ila si lote.

Nilikuwa mwanajeshi tangu ujana wangu. Niliingia jeshini pamoja na kijana wa kijiji cha jirani. Tulipanda lori moja, mama zetu wakiwa wamesimama mbele ya kanisa la misheni, kila mmoja akijikaza asilie kabla ya mwenzake. Rafiki yangu alikuwa mcheshi na mkaidi. Akitembea aliutupa mguu wa kushoto nje kidogo na kuinamisha bega, mwendo wa mtu aliyekua akibeba mikungu ya ndizi kwenye miteremko. Wakufunzi walijaribu kumnyoosha kwenye gwaride mpaka wakachoka wao. "Huyu mwacheni na mguu wake," alisema mmoja, na hawakumgusa tena.

Alikufa nchi ya watu, tulikopelekwa kulinda amani. Siku hiyo mimi nilikuwa kituo kingine. Sikumwona akifa wala sikumwona amekufa, na jeneza lilipofungwa tuliambiwa lisifunguliwe tena. Nilichaguliwa kulisindikiza hadi nyumbani kwa sababu ni mimi niliyekuwa naijua njia.

Njia yenyewe sasa! Gari la jeshi lilikwama kwenye matope chini ya mlima, likazama hadi ekseli, dereva akazima injini na kushuka. Tukalitoa jeneza, tukaliweka mabegani, bendera ikalowa mvua na kugandamana na mbao. Mimi nilikuwa mbele, upande wa kulia. Tulipanda tukiteleza, tukapita kwenye nyumba ambazo magome ya mdalasini yalikuwa yameanikwa chini ya paa. Wanawake wakaacha kazi zao, wakatufuata nyuma wakilia.

Kwenye kona yenye jiwe kubwa tulimkuta bibi mmoja ameketi katikati ya njia. Alikuwa mtani wa ukoo wa marehemu. Kwetu Uluguru, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha msibani. Humwiga marehemu, huzuia jeneza, huwatania wafiwa hadi machozi yachanganyike na kicheko, na hakuna anayeruhusiwa kununa, wala jeneza halipiti mpaka mtani apewe chochote. Bibi yule alikuwa amevaa koti kuukuu la rafiki yangu. Aliinuka akaja upande wetu, mguu wa kushoto akiutupa nje, bega ameliinamisha. Kwa muda nilisahau kabisa kilichokuwa begani mwangu, nikaamini kwamba ni yeye anakuja kutupokea.

"Hapa sipiti!" akasema, kwa sauti ya marehemu, na kale kakiburi kake. "Mimi nimezoea magari ya serikali. Njia gani hii? Nileteeni gari!"

Watu wakaangua kicheko huku wakijifuta machozi. Wakamletea kuku, akamkataa. Wakamletea kanga mpya, akaitazama kwa dharau, akaitupa kando. Kisha akanikazia macho mimi, niliyekuwa nimevaa kombati na buti.

"Nataka gari. Nani ataleta?"

"Nitaleta mimi," nikasema.

Hapo walicheka kupita kiasi. Hata mama wa marehemu, aliyekuwa ameshikiliwa na wanawake wawili, nilimwona akitabasamu. Bibi akapisha, tukapita, tukamzika rafiki yangu kwenye shamba la mama yake, na wote walioyasikia yale maneno waliyaacha pale pale kwenye kona.

Mimi niliondoka nayo. Sijui kwa nini. Labda jeshi liliniharibu, maana jeshini ukisema "nitaleta" unaleta. Nilirudi kikosini na uzito kwenye bega la kulia, na daktari aliponipima hakuona kitu. Nikaanza kuuona ule mwendo. Nilimwona mtu sokoni mjini, mchana kweupe, anautupa mguu nje, nikaacha vitunguu vyangu na kumfuata hadi stendi. Alipogeuka alikuwa kijana wa watu, akaniuliza, "Vipi mzee, unanidai?" Mke wangu alikuwa anapenda kuweka mdalasini kwenye chai. Nilimwomba aache. Hakuuliza sababu, na mpaka leo tunakunywa chai ya tangawizi.

Nilistaafu, na cha ajabu marehemu hakustaafu. Kila nikipanda kwetu kumsalimia mama yake, pikipiki ilikuwa inaishia pale pale gari la jeshi lilipokwama, nami namalizia kwa miguu. Kwenye ile kona nilikuwa nikihisi kuna mtu ameketi kwenye jiwe ananisubiri. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Mtu mzima na medali zake, naharakisha hatua kama mtoto anayepita makaburini.

Ndipo nikachukua fomu ya ubunge. Niliona hiyo ndiyo njia pekee ya kulileta hilo gari na kulala usingizi. Mke wangu alinicheka sana. "Wewe umezoea kuamrisha," alisema. "Wajumbe wa chama hawaamrishwi, wanabembelezwa." Mjini wana msemo wao kwamba wajumbe si watu. Nikadhani ni maneno ya walioshindwa.

Kwenye kura za maoni, ambapo wajumbe humteua mgombea wa chama, tulizungushwa wagombea wote pamoja, kata kwa kata, kila mmoja akipewa dakika chache za kujieleza. Wenzangu walizungumzia maji, shule, bei ya karafuu. Mimi nilizungumza juu ya barabara, na kila nilipoitaja nilijishika bega la kulia. Wajumbe walidhani ni mbinu, na wengine walinisifu kwa hilo.

Kwenye kata ya nyumbani tulikutana katika ukumbi wa shule. Nikasimama, nikawaambia ukweli wangu: kwamba kuna rafiki yangu amelala juu kule, nilimwahidi gari, na sitapumzika mpaka barabara ifike. Wajumbe wa mbele wakaitikia kwa vichwa. Nikasema moyoni, kura zimo humu.

Kisha mtu akainuka nyuma. Alikuwa yule bibi, mtani. Alikuwa amezeeka vibaya, lakini alikuwa mjumbe halali. Akashuka kwenye njia ya katikati ya viti, na mguu wa kushoto akautupa nje, bega likainama.

"Askari mwenzangu," akasema kwa ile sauti, "nani amekutuma? Mimi nilishafika siku nyingi. Mlinibeba vizuri tu. Gari la nini tena?"

Ukumbi mzima ukacheka. Bibi akanisogelea, akaiacha ile sauti, akasema kwa sauti yake mwenyewe, taratibu:

"Baba, ule ulikuwa utani. Maneno ya mtani hayamfungi mtu. Mwache mwenzio alale. Kura omba kwa walio hai."

Nilimjibu, "Asante, bibi," kwa sababu mtani hanuniwi. Dakika zangu zikaisha nikiwa nimesimama. Wajumbe wa kwetu walinipigia makofi mengi, kura wakampa mwingine, na ndivyo ilivyokuwa kwenye kata nyingi.

Nilitegemea walau nipate nafuu. Nilikuwa nimefunguliwa hadharani, na aliyenifungua ni yule yule aliyenifunga. Lakini bega halikupona. Ila mwendo ule niliacha kuuona, na hilo likaniumiza kuliko mwanzo. Nilikwenda sokoni nikiutafuta kwenye miguu ya watu, sikuupata. Niligundua kwamba nilikuwa nimemzoea. Alipoacha kunitisha, nikajua amekufa.

Masika yaliyofuata nilipanda kumsalimia mama yake. Nikamkuta hoi, anatetemeka kwa homa, pumzi fupi. Niseme mapema msomaji asihangaike: alipona. Lakini siku ile hakuna aliyejua. Mvua ilikuwa inanyesha, pikipiki isingeweza kupanda, na hospitali ya misheni iko bondeni. Vijana wakafunga machela kwa miti miwili na blanketi, tukamlaza, tukamfunika turubai. Mmoja akaniambia nikae nyuma, mzee, utaanguka. Nikakaa mbele, upande wa kulia.

Uzito ulipotua begani niliutambua. Mti uliingia pale pale. Tulianza kushuka na mimi nikawa na hofu moja tu, kwamba nimepandisha maiti njia hii na sasa nashusha nyingine. Akinyamaza, nilikuwa namwita.

"Mama!"

"Nipo."

Tukishuka kidogo, namwita tena, sauti inatoka chini ya turubai, ndogo na yenye kuudhika: "Nipo, nimekwambia. Tazama unapokanyaga." Nilitamani aendelee kunigombeza hadi bondeni.

Tulipofika kwenye kona ya jiwe kubwa akapiga mti wa machela kwa kiganja.

"Nishusheni."

Tukashusha. Tulidhani anatapika, au ndiyo mwisho. Akalifunua turubai usoni, mvua ikampiga, akalitazama lile jiwe, kisha akanitazama mimi.

"Hapa sipiti," akasema. "Njia gani hii? Nileteeni gari."

Vijana walitazamana. Wengine walikuwa wadogo sana wakati wa mazishi, lakini kisa wanakijua, kila mtu kule anakijua. Niliona midomo yao ikiwa tayari kucheka, kwa heshima ya mgonjwa. Walikuwa wananisubiri mimi.

"Nitaleta, mama," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mama wa rafiki yangu akanishika mkono, kiganja chake kina moto wa homa, akauliza swali ambalo mwanawe hakuwahi kuniuliza kwa muda wote ule alionifuata.

"Lini?"